Sahani ya Marehemu Santing

"Apu Sidra, hebu tuambie leo, mkwe wako akikupikia huwa unashiba?"

Aliyeuliza ni jirani yake Dading, mama muuza mboga mwenye mdomo usio na kufuli, siku ya ubatizo wa mjukuu wa Dading mwenyewe. Aliuliza mbele za watu, na mkwe mwenyewe alikuwa amesimama pale pale na sinia la wali mkononi. Watu wakaacha kutafuna ili wasikie. Apu Sidra hakuwa na haraka. Alifuta midomo kwa ncha ya leso, akamtazama mkwe wake kuanzia juu mpaka chini, akasema:

"Kwa macho nashiba, Dading. Anapika vitu vya rangi nzuri kweli."

Watu wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Amparo, yule mkwe, naye akacheka, maana angefanya nini? Alikuwa ametoka Colima, kule Mexico, ng'ambo ya bahari kuu, akamfuata mumewe hadi Bacolor, si mbali na Manila. Alikwisha kujifunza kwamba katika mji ule mwanamke asiyejua kuchekea utani wa mama mkwe hatamaliza mwaka.

Jina lake hasa huyo mama mkwe lilikuwa Isidra Mallari, lakini mtaa mzima ulimwita Apu, yaani bibi, hata wazee wenzake. Alizaliwa Pampanga, mahali ambapo kupika vibaya ni dhambi inayofuata baada ya kukosa misa. Mama yake alikuwa mpishi wa harusi, na bibi yake vilevile, naye Sidra alianza kumenya vitunguu saumu kabla hajajua kusoma. Hakuwahi kuandika kipimo chochote. Alipima kwa mkono, na zaidi kwa pua.

Mwaka ule mlima ulipotema moto na baadaye mvua zikashusha tope lake, nusu ya mji ilizama. Kanisa lilizama hadi kiunoni. Nyumba ya Sidra ilizama ghorofa nzima ya chini, na jiko lake lote likabaki humo, na mafiga na mitungi ya siki na sufuria alizorithi. Mumewe, Mungu amlaze pema, alitaka wahamie Manila. Sidra akakataa. Wakafanya dirisha la juu kuwa mlango, wakaendelea kuishi. "Nyie mmekaa juu ya jiko langu," alikuwa akiwaambia wageni, akigonga sakafu kwa kisigino. "Siku ya kiyama mimi nitachelewa, nitakuwa nachimba sufuria zangu."

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Crisanto, wao walimwita Santing. Santing akaenda melini, fundi wa umeme, na meli ikatia nanga Manzanillo, bandari ya Colima. Ndipo alipoingia katika mgahawa wa shangazi wa Amparo, akaona ubaoni neno "adobo", jina la kitoweo cha kwao, moyo ukamruka. Akaagiza. Amparo akamletea sahani ya nyama nyekundu, iliyopikwa katika pilipili kavu za kusaga.

"Dada, hii nini?"

"Adobo."

"Adobo gani hii? Hii imeungua jua."

"Basi ya kwenu ikoje?"

"Ya kwetu ni ya siki. Na haina hasira kama hii."

Amparo akamwambia kama anataka nyama isiyo na hasira aende hospitali. Santing akala yote, machozi yakimtiririka, akamwaga maji mengi kooni. Kesho yake akarudi. Ndivyo walivyooana.

Jikoni kwa Apu Sidra, Amparo aliona vitu alivyovijua vikiwa vimevaa nguo za wengine. Tamale zilikuwepo, lakini badala ya unga wa mahindi katika maganda ya muhindi, zilikuwa za mchele wa kusaga na tui, zimefungwa majani ya mgomba, na ndani yake yai la chumvi. Uji wa chokoleti ulikuwepo, ila si wa mahindi. Ulikuwa wa mchele wa kunata, nao waliunywa na ng'onda, samaki mkavu mwenye chumvi! Mara ya kwanza Amparo alidhani wamemkosea. Akala tonge, akala la pili, akaomba aongezwe. Mchuzi wa karanga ulikuwepo, tembo la mnazi lilikuwepo, hata majina mengine yalikuwa yale yale. Ilikuwa kama ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba mbili. Sura utaitambua, lakini ukimwita kwa tabia za yule mwingine, haitiki.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya mwiko. Adobo ya Apu Sidra, ukishamimina siki, haiguswi. Unaiacha, inachemka yenyewe, mpaka ule ukali wa siki upande na mvuke uondoke. Ukiikoroga kabla ya hapo, siki hubaki mbichi hata upike mpaka jioni. Amparo alilelewa vingine. Kwao mchuzi mzito wa pilipili haugeuziwi mgongo. Unakorogwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na aliyeanza kukoroga hampokezi mtu. Basi akiona sufuria inachemka, mkono wake ulikwenda wenyewe.

"Weka mwiko chini!"

"Itashika chini, mama."

"Ishike. Weka mwiko. Kaa juu ya mikono yako kama umeshindwa kuizuia."

Na Apu Sidra angesimama juu ya sufuria, macho amefumba, pua ndani ya mvuke, kama mtu anayesali. Baada ya muda angesema, "Haya, sasa." Na kweli ikawa sasa. Amparo alijaribu mara nyingi kuipata ile "sasa" kwa pua yake mwenyewe, na kila mara ama aliwahi ama alichelewa. Santing alikuwa akiegemea mlangoni akicheka. "Nyie gombaneni tu. Mimi nitakula vyote viwili." Na alikula. Ila pilipili za mkewe hakuwahi kuzizoea, alizitenga ukingoni mwa sahani kama miba ya samaki. Apu Sidra yeye hakuonja kabisa. Aliugusa mchuzi wa Amparo kwa ncha ya kijiko, akasifu rangi, kisha akala wali wake mtupu kwa maji ya samaki ya chumvi.

Watoto Mungu hakuwajalia. Kisha figo za Santing zikaanza kufa.

Aliugua muda mrefu, nyumbani, mikononi mwa wanawake hao wawili. Daktari alikataza chumvi. Akakataza ng'onda, maji ya samaki, yai la chumvi, karibu kila kitu ambacho kwa Apu Sidra kiliitwa chakula. Apu Sidra hakuwa mtu wa kubishana na daktari. Alimchemshia mwanawe nyama kwa maji, akampa. Santing akatafuna, akamtazama.

"Mama, japo mchuzi wa adobo. Kijiko kimoja."

"Hapana, baba. Daktari amesema."

"Kijiko tu, nilambe."

"Ukipona, baba. Ukipona nitakupikia sufuria nzima."

Alikufa wakati wa Kwaresima, na kijiko hicho hakukipata. Mazishini watu walimsifu Apu Sidra kwa utii wake na uangalizi wake. Amparo alikuwa amemshika mkono, akauhisi ule mkono ukiwa baridi na mgumu kama mchi.

Ndugu zake Amparo walimwita arudi Colima. Hakurudi. Hakuwa na maneno makubwa ya kueleza kwa nini. Alisema tu, "Nani atalala chumba cha pili?"

Mwaka huo, mwishoni mwa Oktoba, Apu Sidra alishikwa na mafua na homa. Yalimlaza siku kadhaa, yakapungua. Siku ya mkesha wa Watakatifu Wote akaamka, akajifunga kanga yake ya jikoni, akasema atapika adobo, maana marehemu wanakuja na Santing hawezi kukuta meza tupu. Amparo akamwambia apumzike, yeye atapika. Apu Sidra akamjibu kwa jicho tu.

Akapika. Akamimina siki. Akasimama juu ya sufuria macho amefumba, kama kawaida yake, lakini safari hii alisimama, akasimama, mvuke ukapungua, na neno halikutoka. Mwisho akafumbua macho.

"Amparo. Siki imekwisha kuondoka?"

Katika miaka yote ya ndoa yake, Amparo hakuwahi kuulizwa swali hilo. Akanusa. Akasema ndiyo, nadhani. Moyo wake ukajaa furaha, kwa sababu alidhani ameheshimiwa. Hakufikiria mafua.

Wakapakua sahani, wakaiweka kwenye meza ya sala, mbele ya picha ya Santing, na mshumaa. Wakiwa wamekaa pale, Amparo akaanza kusimulia ya kwao, ili tu kuondoa ukimya. Kwao pia siku hizo huwaandalia wafu meza, na maua ya rangi ya machungwa, na mkate.

"Bibi yangu alisema marehemu hali chakula chenyewe," alisema. "Anakula harufu na ladha. Asubuhi ukionja kilichobaki, ni kama kutafuna kitambaa."

Apu Sidra akageuka. "Kweli?"

"Ndivyo alivyosema bibi."

"Sisi tunasema wanakuja. Wanakula nini hatujasema." Akaitazama tena sahani. Kisha akauliza tena, "Kama kitambaa?"

"Kama kitambaa, mama."

Asubuhi, baada ya rozari, Amparo alikuwa akifagia aliposikia kijiko kikianguka. Akakimbia. Apu Sidra alikuwa amekaa mbele ya meza ya sala, sahani mapajani, uso wote umelowa.

"Amekuja," alisema. "Amparo, amekuja. Hakuna kitu humu. Hakuna chumvi, hakuna siki, hakuna kitunguu. Amekula yote. Onja!"

Amparo akapiga magoti, akachukua kipande kwa vidole, akatia mdomoni. Siki ilimjaa mdomo mzima. Na chumvi, na kitunguu saumu, na pilipili manga, kila kimoja mahali pake. Ilikuwa adobo nzuri kuliko zote alizowahi kula katika nyumba ile. Hakuna mtu aliyekuwa ameigusa.

Akamtazama yule mama. Tangu mazishi hakuwa amemwona na uso ule.

"Kweli, mama," akasema. "Haina ladha kabisa."

Mungu ni mwingi wa rehema, naye anajua neno lile lilitoka wapi. Lakini likishatoka, limetoka.

Wakaketi kula kifungua kinywa. Apu Sidra akachukua kikombe cha kahawa, akanywa, akakitazama, akacheka kwa sauti. "Na kahawa pia!" Akamega ng'onda. "Na samaki! Jamani, mtoto huyu alikuwa na njaa!" Akala kidogo, akasukuma sahani kuelekea kiti kitupu. "Mwachie. Anakula hapa hapa, bado hajashiba."

Ndipo Amparo alipoelewa. Kijiko kikabaki hewani. Mafua yalikuwa yameondoka na pua ya Apu Sidra.

Alijiambia itarudi. Mafua ya mtu yeyote huziba pua, kisha huachia. Akangoja. Lakini kila mlo ulikuwa vilevile, matonge matatu, kisha sahani inasukumwa. "Nimeshiba. Mwachie." Mchana wali unasukumwa. Jioni mchuzi unasukumwa. Amparo alikula mabaki yake jikoni, akiwa amesimama, na kila tonge lilikuwa na ladha yake yote, likampita kooni kama mwiba.

Dading, bila shaka, alisikia. Alikuja mbio, vitita vya mboga bado mkononi.

"Apu, ni kweli Santing anakula hapa?"

"Onja mwenyewe."

Dading akachota mchuzi kwa kidole, akalamba. Macho yakamtoka. "Apu, hii mbona ina chumvi had..."

Amparo akamkanyaga mguu kwa nguvu zote.

"...mbona ina... uwii! Mbona ina miujiza!" Dading akamaliza, akirukaruka kwa mguu mmoja. Nje, kwenye ngazi, akamshika Amparo kwenye kiwiko. "We mwanamke, umenivunja kidole. Kuna nini humu ndani?"

Amparo akamweleza. Dading akakaa kwenye ngazi, akavua kiatu, akakisugua kidole chake.

"Mwambie," alisema.

"Nitamwambiaje?"

"Basi usimwambie."

"Atakufa kwa njaa, Dading."

"Sasa mbona unaniuliza mimi? Mimi nauza mchicha."

Amparo akamdanganya Apu Sidra kwamba wanakwenda kupima presha, akampeleka zahanati. Muuguzi alikuwa binti mpole. Alimpima, akamwangalia puani kwa tochi, akampa chupa mbili aziweke karibu na pua, moja ya kahawa, nyingine ya spiriti. "Unasikia nini, Apu?" "Nasikia we mtoto unanipotezea muda." Muuguzi akamvuta Amparo pembeni. Alisema homa zile huwafanyia watu wengine hivyo. Harufu ikipotea, ladha huifuata. Huweza kurudi baada ya wiki, au miezi, au isirudi. Dawa hana. "Mlisheni hivyo hivyo. Cha muhimu ale."

"Na akikataa?"

Binti yule akatazama chini. "Mbembelezeni," alisema.

Akambembeleza. Alimpikia tamale za mchele kama za harusi. Alimpikia supu ya ndimu, uji wa chokoleti, kila alichokijua yule mama tangu utoto wake, na hata ile adobo aliipika, amekalia mikono yake kweli kweli ili asikoroge. Ikatoka vizuri kwa mara ya kwanza maishani mwake, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Apu Sidra alikula matonge matatu. "Mwachie."

Siku moja akakata tamaa kiasi cha kufanya ujinga. Alikumbuka kwamba pilipili haihitaji pua, inachoma tu. Akasaga pilipili zake kavu za Colima, akazitia ndani ya adobo, akakoroga, akapakua. Apu Sidra akatia tonge mdomoni, uso ukawa mwekundu, akatema kwenye kiganja.

"Umetia nini?"

"Pilipili kidogo, mama. Nilitaka usikie kitu."

"Nisikie kitu? Inaniunguza, nisikie nini?" Alisimama. "Umesahau Santing hali pilipili? Umesahau alikuwa anazitenga? Unataka kumfukuza mwanangu mezani?"

"Mama, hapana..."

"Nilimnyima chumvi mimi. Mimi, kwa mikono hii. Aliniomba kijiko. Sasa amepata pa kula na wewe unamtilia moto!"

Siku tatu hakuzungumza naye. Na siku hizo hakula hata yale matonge matatu, alikunywa maji tu, kwa sababu alitaka Santing akirudi akute sahani nzima.

Amparo akaenda kwa padri. Hakwenda kwa ushauri tu, alikwenda kuungama, maana alikuwa amesema uongo kwenye meza ya sala na uongo umezaa. Padri alikuwa mzee, amewazika watu wengi wa tope lile, na alimjua Apu Sidra tangu zamani. Alisikiliza, akampa maondoleo. Amparo akabaki amepiga magoti.

"Baba, sasa nifanye nini? Nikimwambia kweli, namuua mwanawe mara ya pili. Nisipomwambia, anakufa yeye."

Padri akavua miwani yake, akaifuta kwa kanzu.

"Sijui, binti yangu," alisema. "Nitawaombea."

Akarudi nyumbani na hilo. Hakumlaumu. Angalau hakumdanganya.

Alimkuta Apu Sidra sakafuni karibu na beseni la kuoshea vyombo, miguu imemwishia nguvu. Hakuwa ameumia. Alikuwa anajaribu kuinuka akishika ukingo wa meza, na mkono hauna nguvu, akawa anaulaumu mkono kwa sauti ndogo, kama unavyomkaripia mbuzi. Amparo akamwinua. Alikuwa amejiandaa kwa uzito wa mtu mzima, nusura amrushe juu. Hapakuwa na kitu. Mifupa na gauni.

Akamlaza kitandani. Akamfunika. Akaketi ukingoni, na kabla hajajua atasema nini, mdomo ukafunguka.

"Mama, hakuna anayekula chakula chako. Ni mafua. Yamechukua pua yako. Muuguzi aliniambia. Mimi nakula mabaki yako kila siku jikoni, na yana ladha yote."

Apu Sidra alikuwa anatazama dari.

"Kahawa?"

"Ina ladha, mama."

"Zile tamale?"

"Zilikuwa tamu sana."

Nje Dading alikuwa anaita wateja. Apu Sidra akalamba midomo yake mikavu.

"Na sahani ya kwanza? Ile ya Watakatifu?"

Hapo Amparo alishindana na moyo wake. Ile sahani angeweza kumwachia. Hakuna ambaye angejua, hata Dading. Lakini yule mama alikuwa amegeuza uso sasa, anamtazama machoni, na mtu aliyepika maisha yake yote anajua anapodanganywa juu ya chakula.

"Hata ile, mama. Ilikuwa na siki na chumvi na kila kitu. Ilikuwa nzuri kuliko zote. Nilikudanganya."

Apu Sidra hakulia. Hakumfukuza. Alijigeuza polepole, akaelekea ukutani, akajikunyata, mgongo wake mdogo kama wa mtoto. Amparo akamwita. Hakuitika. Akamletea uji, ukapoa. Akauondoa, akaleta mwingine, nao ukapoa. Dading akaja na ndizi, akasimama mlangoni, akaziweka chini, akaondoka. Jioni Amparo alipiga magoti kando ya kitanda akaanza rozari peke yake. Alipofika katikati hakujua amefika wapi, akaanza upya.

Kesho yake hali ikawa ile ile. Maji alikubali, kwa kijiko. Chakula hapana. Amparo alikwenda jikoni, akafungua mifuniko, akafunga, akawasha moto, akauzima. Hakuna kitu duniani alichojua kupika ambacho kingepita pale. Akakaa juu ya kigoda, mikono imelala mapajani viganja juu, kama ya mtu anayeombaomba.

Ilikuwa baada ya adhuhuri aliposikia kitanda kikilia. Akainuka mbio. Apu Sidra alikuwa amejiketisha mwenyewe, miguu inaning'inia, nywele zimemwagika, anahema kama aliyepanda mlima.

"Unanichukia, mama?" Amparo aliuliza.

"Sina nguvu ya kuchukia mtu. Kaa."

Amparo akakaa. Wakawa wanatazama ukuta mmoja. Yule mama alipoanza kusema, alisema kidogo kidogo, akipumzika kati ya neno na neno.

"Nilijua tangu ile kahawa," alisema. "Nilijua na sikutaka kujua. Mtu hawezi kula sana hivyo, hata marehemu." Akapumua. "Si kwamba nataka kufa. Usiende kumwambia padri nataka kufa. Ila adobo yangu nikiitia mdomoni, mdomo wote unasimama kuisubiri, na haiji. Ng'onda naisubiri, haiji. Kila kitu cha humu ndani nakijua, na kila kitu kinanisimamisha mlangoni halafu hakiji. Nimechoka kusubiri, mwanangu. Nimesubiri mengi."

Amparo alitaka kumshika mkono. Hakujua kama anaruhusiwa. Akaushika.

"Cha kwenu sikuwahi kukionja sawasawa," Apu Sidra alisema. "Sikijui. Kwa hiyo kisipokuja, hakuna kitu mdomoni mwangu kitakachokililia. Nipikie cha kwenu, Amparo, nijaribu kumeza."